Milango ya Mtaa wa Las Torcazas

Barrancabermeja, Jumapili, 20 Februari 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Maracaibo, na mgongo wako unaendeleaje? Kama huyo mama mwenye nyumba bado anakupigisha deki kwa magoti, mwambie mwanao kasema anunue mopa. Sisi huku hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi tu. Ikifika saa nne anakuwa na nguvu za kugombana na kila apitaye.

Mama, usikasirike. Shule ilipotuambia tuchague ufundi sikuchagua ushonaji. Nimechagua kuchomelea vyuma. Msichana niko peke yangu. Siku ya kwanza kijana mmoja, Eudes Pabón, alisimama mlangoni mwa karakana akanizuia: "Dada umepotea, jiko liko upande ule." Wote wakacheka. Nikamwambia kama jiko liko upande ule basi aende yeye, maana tumbo lake linajulikana kuliko jina lake. Wakacheka tena, safari hii si mimi niliyechekwa.

Mwalimu wetu anaitwa Arnulfo Quiñones. Alichomelea mabomba ya kiwanda cha mafuta miaka mingi mpaka sikio la kushoto likafa. Anaongea kwa kupiga kelele, na ukimjibu kwa sauti ya kawaida anakuona una kiburi. Ametufundisha kwanza kubana waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, kwenye meza, maana usipoubana umeme unatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni wewe. Halafu kijiti cha kuchomelea. Unakikwaruza kwenye chuma kama njiti ya kiberiti, kisha unakiinua kidogo tu. Mimi nilikikandamiza, kikanata, kikawa chekundu chote. Mwalimu akanikemea, "Usikipapase! Kwaruza, inua! Na usikilize, mtoto! Ukisikia mayai yanakaangwa, umepata!" Ijumaa nilisikia mayai. Mstari wenyewe umepinda kama nyoka aliyekanyagwa, lakini umeshika.

Sikutaka kukuandikia hili lingine, ila utalisikia kwa Abundio wa lori anayebeba barua zetu, basi bora ulisikie kwangu. Hermides, muuza samaki, hayupo. Hao wanamgambo waliovuka mto mwaka jana sasa wanatembea mtaani kwetu na bunduki mchana kweupe. Walimfuata wakati wa chakula cha mchana. Mlango wake wa mbao waliupiga teke mara mbili ukalala. Walimburuta kwa nywele mpaka uwanja wa mpira, wakampiga risasi ya mdomo, na mkewe alikuwa bado ameshika kijiko. Wanasema aliwauzia samaki waasi. Mama, Hermides alimuuzia samaki kila mtu.

Bibi ameweka kabati nyuma ya mlango. Tukitaka kutoka tunalisukuma wote wawili.

Mwanao,
Deyanira


Maracaibo, 12 Machi 2000

Mwanangu Deya,

Marahaba, binti yangu. Barua yako imenikuta salama wa mwili. Mgongo ni uleule, na mopa haijanunuliwa. Mwambie Bibi yako anywe ile dawa ya mizizi asiimwage kwenye maua, namjua.

Nilisoma barua yako nikiwa nachambua maharage, nikaacha maharage. Kuchomelea? Katika kazi zote za dunia ukaiona hiyo? Baba yako alitoka asubuhi kwenda kuchomelea matangi. Walimpiga risasi getini, glavu za kazi zikiwa mkononi. Hospitali walinikabidhi zile glavu kabla ya kunionyesha maiti. Ulikuwa na miaka saba, uliniuliza kwa nini zimeloa. Na sasa unaniambia umesikia mayai yanakaangwa.

Sisemi mwanamke hawezi. Mimi nimebeba magunia ambayo wanaume waliyazunguka. Nasema mtu mwenye ufundi katika mji ule anaonekana, na anayeonekana anaitwa jina, na jina likishaitwa mara mbili linaandikiwa risasi. Mshona nguo hakuna anayemjua. Rudi kwenye ushonaji, mwanangu.

Hermides nimemlilia. Alikuwa ananiwekea samaki wa bocachico wanono akisema, "Huyu amekuwa akikuuliza tangu asubuhi." Mkewe mpe pole yangu.

Kabati liache hapohapo.

Mama yako,
Nubia


Barrancabermeja, 7 Mei 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umzima, na kama si mzima basi walau umelala. Bibi anakusalimu. Dawa anaimwaga kwenye maua, na maua yamestawi sana.

Sikurudi kwenye ushonaji. Nisikilize kwanza, halafu ukasirike.

Mwezi uliopita Eudes alidondosha kipande cha kijiti chenye moto ndani ya buti yangu. Alidhani ni mzaha. Nyama ya kifundo cha mguu ilichemka, Mama, niliisikia. Nilikuwa nimeshika nyundo ya kugongea magamba ya chuma, nikamtandika nayo mdomoni. Meno mawili yalidondoka mezani. Damu ilimjaa shingoni, na mimi nilitaka kumpiga tena, mkono ulikuwa juu. Mwalimu Arnulfo akaudaka. Hakutufukuza. Alitufunga mikono kwa kamba, wa kwangu wa kushoto na wa kwake wa kulia, tukafanya kazi hivyo siku nzima. "Mnataka kuuana? Nje kuna foleni ya watu wanaotaka kuwafanyia kazi hiyo. Humu ndani mtanishikia chuma!" Jioni Eudes akaniambia, "Hata mama yangu hajawahi kunipiga vile." Nikamwambia ndiyo maana umeharibika. Tangu siku hiyo tunafanya kazi pamoja.

Tunatengeneza milango. Mwalimu alisema haina maana kuchomelea vipande vya kutupa huku watu wanapigiwa milango yao ya mbao teke. Tunapasua mapipa ya mafuta, tunayanyoosha, fremu tunatoa kwenye mabomba chakavu, bawaba tatu nzito, makomeo mawili. Mlango wa kwanza ni wetu. Kabati limerudi mahali pake. Wa pili ni wa kina Eudes. Mama yake ni Doña Tránsito, yule anayekaanga arepa, vile vimkate vya mahindi, karibu na shule. Siku tulipoufunga alitulisha mpaka tukashindwa kuinama. Kaka yake Eudes, Wilfrido, amejiunga na hao watu. Eudes hamtaji. Doña Tránsito humtengea sahani.

Jumanne hao watu walikuja kwa Don Eulises, katibu wa chama cha wafanyakazi wa maji, ambaye tulishamfungia mlango wetu. Ilikuwa saa sita, jua kali. Walipiga teke, wakapiga kitako cha bunduki, wakapiga risasi. Risasi zilitoboa bati lakini makomeo hayakuachia. Don Eulises na mkewe walilala kwenye sakafu ya bafu. Bibi akachukua sufuria akaanza kuigonga kwa mwiko, jirani akagonga, mtaa wote ukagonga, mpaka askari wa barabara kuu wakaona aibu kukaa tu, wakaja. Hao watu wakaondoka wakitukana.

Mama, bawaba zile nilizichomelea mimi.

Mwanao,
Deyanira


Maracaibo, 28 Mei 2000

Deya,

Nakusalimu haraka, Abundio anawasha lori.

Habari za milango zimefika mpaka huku. Mwanamke mmoja wa soko, mtu wa mto kama sisi, aliniambia: "Kwenu kuna msichana anayechomelea milango isiyovunjika." Alisema kwa kunisifu. Nilikaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi.

Kama habari imefika Maracaibo, imefika kwao siku nyingi. Acha milango. Mchukue Bibi mpande basi la Bucaramanga, kisha la Maicao, huko nitawapokea. Bibi akikataa, mwambie nimesema mimi. Akikataa bado, mwache aje baadaye. Nimemwomba mama mwenye nyumba chumba cha nyuma, amekubali.

Usinijibu kwa barua. Nijibu kwa kuja.

Mama yako


Barrancabermeja, Jumamosi, 17 Juni 2000

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Bibi mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Wamemuua Mwalimu Arnulfo.

Jana asubuhi tulikuwa darasani, tunajifunza kuchomelea kwa kupandisha, kutoka chini kwenda juu, pale chuma kinapotaka kumwagika nawe unakizuia. Waliingia watano. Mkubwa wao wanamwita Canario, kama yule ndege, kwa sababu anapiga mbinja, hata akiwa anakutazama. Anavaa miwani myeusi. Nyuma yake alikuwa Wilfrido, kaka yake Eudes, amenenepa, ana bunduki. Eudes alishusha kinyago usoni.

Canario akauliza, "Fundi wa milango ni nani hapa?"

Mwalimu hakusikia vizuri, alimgeuzia sikio zima. "Nani nini?"

"Fundi wa milango, mzee."

"Mimi. Hawa watoto wananishikia vyuma tu."

"Yote umefanya wewe?"

"Yote."

"Na yule msichana tunayemsikia?"

Mwalimu akacheka, Mama. Alicheka kwa ile sauti yake kubwa. "Huyo? Huyo hata kijiti bado kinamnata."

Canario akapiga mbinja kidogo, kisha akampiga risasi ya shavu. Mwalimu aliangukia meza ya kazi, mkono wake ukabaki juu ya chuma cha moto na hakuuondoa. Hapo ndipo tulijua amekufa. Ngozi ilikuwa inatoa moshi. Mashine iliendelea kunguruma. Hakuna aliyethubutu kusogea ila Eudes. Alienda akaizima, maana Mwalimu alikataza kuacha mashine ikiwaka bila mtu. Wilfrido akamwelekezea bunduki mdogo wake. Eudes akazima, akarudi mahali pake.

Canario akasema Jumatatu tutazikata bawaba za milango yote, nyumba kwa nyumba, sisi wenyewe tuliozichomelea. Mwanafunzi asiyefika, wataenda kwao.

Kwa hiyo sikimbii, Mama. Nikikimbia wanamkuta Bibi. Niombee.

Deyanira


Bucaramanga, 22 Juni 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo. Niko Bucaramanga kwa masista, nasubiri basi la keshokutwa. Barua hii itatangulia na Abundio. Nataka uwe umeisoma kabla hujaniona, ili nisilazimike kuisema kwa mdomo.

Jumatatu tulisukuma mashine kwa mkokoteni tangu alfajiri, tukivuta umeme kwenye nguzo. Mimi nilikata, Eudes alinishikia mlango usiniangukie. Kukata ni kazi ileile ya kuchomelea, ila unazidisha moto na kukisukuma kijiti ndani mpaka chuma kidondoke kama asali. Canario alikaa mbali, miwani yake myeusi usoni. Wale wanne walisimama karibu, wakikodoa macho, ili nisiwadanganye. Na ile nuru ni nzuri, Mama. Asiyeijua hawezi kuacha kuitazama.

Wiki ya kwanza kabisa Mwalimu alituambia: nuru hii inachoma jicho kama jua linavyochoma mgongo. Wakati wenyewe husikii kitu. Baada ya saa kadhaa ni kama mtu amekumiminia mchanga wa moto machoni, na huoni, unalia tu, mpaka kesho yake au zaidi. Mimi na Eudes tulikuwa na vinyago vya kioo cheusi. Wao hawakuwa na kitu. Sikuwaambia. Nilikwenda polepole. Bawaba ya kukatwa mara moja niliikata mara tatu.

Wilfrido alichuchumaa karibu yangu kabisa, akawashia sigara kwenye bawaba nyekundu. Ulikuwa mlango wa mama yake mwenyewe. Doña Tránsito alisimama ndani, mikono ina unga. Akamwambia, "Hata wangu, Wilfri?" Akajibu, "Yote ni yote, mama, usinitie aibu." Eudes akainua kinyago. "Wilfri," akasema. Nikadhani sasa atamwambia kuhusu macho. Akasema, "Sogea, utaungua suruali." Kisha akashusha kinyago tena.

Wa mwisho ulikuwa wa Don Eulises. Alikuwa ndani, hakukimbia, alisema amechoka kulala bafuni. Nilisikia mkewe akiniita kwa jina: "Deyanira, mwanangu, usifanye hivyo. Deyanira." Bunduki ilikuwa kwenye uti wa mgongo wangu. Nikakata. Mlango ulipoanguka walimtoa, wakamlaza juu yake hapohapo barabarani, wakammiminia risasi. Canario akapanda pikipiki akaondoka na mbinja yake. Aliwaacha wale wanne waushike mtaa.

Jua lilipokuwa linazama walikuwa kwenye ukumbi wa biliadi, wakilia. Wanaume wazima, Mama, wamejikunja kwenye sakafu, wanajipaka bia machoni. Mjane wa Don Eulises alinikuta kwenye kona, nguo imejaa damu ya mumewe. Akauliza, "Wana nini wale?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Hawaoni. Mpaka kesho hawataona kitu."

Akanitazama, kisha akageuka akapaza sauti mtaa mzima: "Vipofu! Vipofu hao!"

Watu walitoka na mapanga, na nondo, na mawe ya lami. Nyumba zilikuwa wazi zote, hakukuwa na wa kujifungia. Mmoja alifyatua risasi akampiga mwenzake. Walikatwa katikati ya meza za biliadi, na mwalimu wetu wa hisabati nilimwona anakata. Nilidhani nitafurahi. Nilitapika kwenye mtaro.

Wilfrido alitoroka kwa mlango wa nyuma. Alikwenda kwao akipapasa kuta. Doña Tránsito alimlaza, akamwekea vipande vya viazi machoni, na alikuwa anampepea watu walipofika. Mama, ile nyumba haikuwa na mlango. Doña Tránsito alisukuma kitanda kwenye uwazi, akapanda juu yake, akapanua mikono. Walimwinua kama mtoto wakamweka kando. Wilfrido walimtoa kwa miguu, viazi bado viko machoni. Alikuwa anauliza, "Ni nani? Ni nani nyinyi?" Walitumia mawe. Ilichukua muda.

Eudes alikuwa amesimama karibu nami, kinyago kiko kichwani. Ilipokwisha akanipa kile kinyago, akateremka kuelekea mtoni. Sijamwona tena.

Kesho yake asubuhi Doña Tránsito alikuja. Nilikuwa nafunga nguo zangu kwenye shuka. Bibi akataka kumpisha kiti, akakataa.

"Ulijua kuhusu macho?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na Eudes alijua?"

Nikakaza fundo la shuka. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimejibu.

"Na nani aliwaambia watu?"

"Mimi, Doña Tránsito."

Nilingoja anipige. Mikono yake ilikuwa bado ina unga wa jana, umekauka. Akasema, "Yule mwenye miwani atarudi. Ataanza kwangu, kwa kuwa mwanangu alikuwa wake. Akiniuliza, nitasema. Sitamdanganya mtu kwa ajili yako, hilo usilitegemee. Kwa hiyo ondoka kabla sijaulizwa."

Bibi amekataa katakata kuja. Amesema hamwachii mtu nyumba isiyo na mlango.

Mama, ukinipokea usiniulize kitu siku ya kwanza.

Mwanao,
Deyanira


Barrancabermeja, 13 Agosti 2000

Mwanangu Deya,

Nakusalimu mara nyingi. Natumaini mama mwenye nyumba hakusumbui, na kwamba unakula. Ukimkuta anadai nguo zipigwe pasi mara mbili, piga mara moja umwambie ni mbili.

Nilifika salama. Bibi yako hajambo, amekonda, mdomo ni uleule. Nilimkuta amekaa kwenye uwazi wa mlango na panga mapajani, kama karani. Amekubali tuondoke wote, lakini si leo, na nitakueleza kwa nini.

Siku uliyofika Maracaibo sikukuuliza kitu. Wala nilipokuaga sikukuuliza. Niliisoma barua yako mara moja nikaichoma. Sijui kama ulifanya vema au vibaya, mwanangu. Nilikuona umelala, mdomo wazi kama ulipokuwa mdogo, nikashukuru kwamba wewe ndiye unayepumua. Mungu anisamehe, zaidi ya hapo sikufikiri.

Canario alirudi wiki moja baada ya wewe kuondoka, na watu wengi. Waliuawa kumi na mmoja, mwalimu wa hisabati yumo, na mjane wa Don Eulises. Alianzia kwa Tránsito, kama mwenyewe Tránsito alivyotabiri. Alimpa pole kwanza. Kisha akamuuliza ni nani aliyewaambia watu kuhusu macho, na yule msichana wa milango amekwenda wapi. Jirani alisikia yote, maana mlango hamna.

Tránsito akasema, "Mimi nakaanga arepa. Sijui mtu."

Wakamuuliza tena. Walimshika mkono wakauzamisha kwenye kikaango chake, mafuta yakiwa yanachemka. Jirani anasema kelele ilisikika mpaka barabara kuu. Wakamtoa wakamuuliza, akasema sijui mtu. Wakauzamisha tena. Alipozimia walimwacha.

Niliposikia nilikwenda. Mkono umekuwa kama kipande cha mti. Nilipiga magoti, Deya, mimi ambaye magoti haya nayalalamikia kila siku, nikamshukuru. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Inuka, Nubia," akasema. "Sikumfanyia yeye. Nilikuwa nimekusudia kabisa kusema, jina lilikuwa hapa mdomoni. Halafu yule mtu akapiga mbinja, na mwanangu hana hata wiki mbili kaburini."

Eudes hajarudi. Watu wa majahazi ya mafuta wanasema wamemwona huko chini mtoni, wengine wanasema hapana.

Mkono mmoja hauwezi kukanda na kukaanga. Kwa hiyo naamka mapema, nakanda mimi, nakaanga mimi, yeye anauza. Daktari anasema mwezi mwingine. Tutakaa huo mwezi, mimi na Bibi yako, kisha tutakuja. Askari wako kwenye kona sasa, wanacheza karata.

Ameniomba jambo moja tu: nyumbani kwake jina lako nisilitaje. Nimemwahidi. Jana nilijisahau. Tulikuwa tunakula, nikaanza, "Deya wangu hizi za jibini hupenda..." Akaweka arepa chini. Hakunitazama, alitazama barabarani. Baadaye akaiokota, tukaendelea kula.

Mama yako,
Nubia